Kabla ya Kulizika Giaboksi, Pima Klachi

(Mazungumzo ya juma hili, kama yalivyosomwa redioni)



Leo nimeamua kuziacha siasa na bei ya sukari zipumzike kidogo, nizungumzie jambo linalomgusa kila mwenye gari kuukuu na kila anayepanda gari kuukuu, yaani karibu sisi sote. Nataka kuzungumzia klachi na gia.

Najua wako watakaouliza, klachi ya nini siku hizi, wakati magari mengi madogo yanayoshushwa bandarini ni ya otomatiki? Ni kweli. Lakini pikapu inayoleta nazi sokoni, lori la mchanga, basi la shamba, na yale magari waliyotuachia baba zetu, mengi bado yana pedali tatu. Na hiyo pedali ya kushoto imewaingiza watu wengi katika madeni ambayo hayakuwa na lazima. Mimi mwenyewe nusura niwe mmoja wao, na aliyeniokoa ni mzee mmoja wa Tongoni.

Mwezi Januari mwaka 1998 nilikuwa na gari la stesheni wagon lililokwisha kutimiza miaka 20 barabarani. Lilikuwa limepita mikononi mwa watu watatu kabla yangu. Tangu miezi miwili nyuma lilikuwa limeanza kugoma kuingia gia. Asubuhi liliingia bila neno. Ikifika mchana, injini imepata moto, gia namba moja ilitaka nguvu za mikono miwili, na rivasi ilipiga kelele kama kinu kilichotiwa kokoto. Nikalipeleka kwa fundi mmoja mjini Tanga, ambaye jina lake namhifadhia. Aliliendesha mzunguko mmoja, akatikisa kichwa, akatoa hukumu: "Giaboksi limekufa, bosi. Tafuta jingine."

Giaboksi lililotumika, kwa bei aliyonitajia, lilikuwa shilingi laki mbili na nusu. Ufundi elfu thelathini juu yake. Fedha hizo nilikuwa nazo, lakini zilikuwa na mwenyewe. Binti yangu alikuwa amechaguliwa kuingia kidato cha kwanza katika shule ya bweni, na mle ndani mlikuwa na ada, godoro, sanduku, sare na nauli. Kwa upande wa pili, gari lile ndilo lililokuwa likibeba mzigo wa duka la mke wangu, na duka ndilo lililokuwa likitulisha. Nikajishauri usiku kucha. Mwisho nikaamua kwamba gari litengenezwe kwanza, mtoto angoje muhula wa pili. Nikamwahidi fundi fedha siku ya Jumatatu.

Jumapili yake tulikuwa na hitima ya arobaini Tongoni, kwa mume wa shangazi yangu. Msikilizaji asiyepajua Tongoni, ni kijiji cha pwani kiasi cha kilometa 20 kusini mwa mji wa Tanga, kwenye njia ya kwenda Pangani. Pana magofu ya msikiti wa kale na makaburi yapatayo 40 ya wazee wa zamani, mengine yakiwa na nguzo zilizokwisha kuanguka. Barabara yake siku zile, kabla haijaanza kuwekwa lami, ilikuwa ya udongo, na mvua za El Niño zilizoanza mwishoni mwa 1997 zilikuwa zimeigeuza kuwa mfululizo wa madimbwi. Kila dimbwi lilitaka gia namba moja, na kila nilipoitafuta gia namba moja nilijuta kuzaliwa. Tulipofika karibu na magofu, gari likagoma kabisa. Klachi chini, gia haiingii, na sufuria za pilau nyuma.

Vijana wakaja kusukuma. Nyuma yao akaja mzee mmoja wa makamo ya marehemu baba yangu, kofia ya kiua kichwani, amevaa kanzu ya hitima. Nikamwamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Gari lina nini?"

"Giaboksi limekufa."

"Nani kasema?"

"Fundi."

"Kalifungua?"

"Hakulifungua, mzee. Kaliendesha tu."

Mzee yule, nilikuja kuelewa baadaye, alikuwa ameendesha matrekta na malori ya shamba la mkonge kwa zaidi ya miaka 25, na katika mashamba yale dereva ndiye aliyekuwa fundi wa kwanza wa chombo chake. Hakusema neno la kumkashifu mtu. Alisema tu, "Zima gari."

Nikazima. Akaniambia nikanyage klachi nipitishe gia zote moja baada ya moja. Namba moja ikaingia. Mbili, tatu, nne, hata rivasi, zikaingia laini kama kisu kwenye papai. Akacheka. "Maiti gani huyu anayekunja na kukunjua vidole?"

Akaniambia niwashe, niweke hendibreki, nikanyage klachi hadi chini, nihesabu hadi tano, kisha niweke rivasi. Kokoto zikalia. Akaniambia niiache, niipampu pedali mara tatu za haraka haraka, kisha nijaribu tena. Rivasi ikaingia, japo kwa manung'uniko.

Mzee akavua kanzu, akaikabidhi kwa kijana, akaomba jamvi. Nikazima injini, akaingia uvunguni. Akaniambia nikanyage pedali huku yeye akitazama. Kijiti cha silinda ya chini ya klachi, kile kinachosukuma uma unaoingia kwenye giaboksi, kilikuwa kikisogea kidogo mno. Akavuta kifuniko cha mpira kilichokaa kwenye mdomo wa silinda ile, na mafuta yakamtiririkia mkononi. Tukafungua boneti. Kikopo cha mafuta ya klachi kilikuwa kimebakiza tone. Giaboksi lilikuwa zima. Kilichokufa ni kipande cha mpira kisichozidi ukubwa wa kifuniko cha soda.

Ndugu msikilizaji, sikukuhadithia haya ili nimsifu mzee peke yake. Nimekuhadithia kwa sababu vipimo vile vitatu havikuhitaji hata spana moja, na mtu yeyote anayejua kuendesha anaweza kuvifanya. Hebu tuvitazame kwa utulivu.

Klachi kazi yake ni kuunganisha na kutenganisha injini na giaboksi. Kuna gurudumu zito la injini, mafundi huliita flaiwili. Kuna klachi pleti, ambayo ni sahani nyembamba yenye bitana ya kukamata. Na kuna presha pleti, inayoibana sahani ile kwenye flaiwili kwa nguvu ya springi. Usipokanyaga pedali, vitatu hivyo vimeshikana na vinazunguka pamoja, nguvu inafika magurudumuni. Ukikanyaga, sahani inaachiwa, na gia ndani ya giaboksi zinapata nafasi ya kutulia na kubadilishana bila kugombana.

Basi maradhi makubwa ya klachi ni mawili tu, na yanapingana. La kwanza, klachi haiachi. La pili, klachi haishiki.

Klachi isiyoachia ndiyo iliyokuwa yangu. Dalili yake ni gia kugoma au kulia gari likiwa linaunguruma, hasa namba moja na rivasi ukiwa umesimama, lakini gia hizo hizo huingia vizuri injini ikizimwa. Hapo giaboksi liache kwanza. Kama ukipampu pedali hali inapata nafuu, mshuku mafuta: ama yamevuja, ama upepo umeingia kwenye bomba, ama mipira ya silinda imechoka. Silinda ni mbili. Ya chini hutazamwa uvunguni, kama alivyofanya mzee. Ya juu iko nyuma ya pedali, na ikivuja mara nyingi utakuta zulia la miguuni mwa dereva limelowa, nawe ukadhani ni maji ya mvua. Magari mengine hayana mafuta ya klachi bali waya. Huo nao hurefuka au hukatika nyuzi moja moja, na dawa yake ni kuurekebisha au kuubadili.

Ikiwa kijiti cha silinda kinasogea vizuri, mwendo wake wote, na gia bado zinalia, basi sasa tatizo liko ndani: sahani imepinda, au vidole vya presha pleti vimevunjika, au sahani imeganda. Hili la kuganda sisi watu wa pwani tulijue. Gari likiachwa miezi mitatu minne karibu na bahari, upepo wa chumvi na unyevu huweza kuleta kutu kati ya sahani na flaiwili, zikashikana. Mwenye gari anaporudi toka safari anaambiwa giaboksi limekufa, kumbe ni kutu.

Ugonjwa wa pili, klachi isiyoshika. Huo dalili zake ni nyingine kabisa. Gia zinaingia bila shida, lakini ukikanyaga mafuta injini inapiga kelele na gari haliongezi mwendo. Kwenye mlima linashindwa, na pua yako inanusa kitu kama kamba ya katani inayoungua. Kipimo chake ni hiki: simama mahali tambarare, pasiwe na mtu mbele wala nyuma, weka mawe kwenye magurudumu na vuta hendibreki. Washa, weka gia namba tatu, kisha iachie klachi polepole bila kukanyaga mafuta. Klachi nzima itaizima injini mara moja. Injini ikiendelea kuunguruma kama haikuambiwa kitu, klachi inateleza. Kipimo hiki fanya mara moja tu. Ukikirudia rudia utaimaliza sahani iliyobaki. Na kabla hujanunua sahani mpya, mwulize fundi atazame sili ya nyuma ya injini na sili ya mbele ya giaboksi. Ikiwa oili ndiyo iliyolowesha sahani, sahani mpya nayo italowa, nawe utalipa mara mbili.

Yako pia maneno ya masikio. Gari likiwa limesimama linaunguruma bila gia, sikiliza. Kelele ikianza pale unapokanyaga klachi, yaelekea ni beringi ya klachi. Kelele ikiwa ipo na inanyamaza unapokanyaga, yaelekea ni beringi ya mbele ya giaboksi. Gari likitetemeka unapoachia klachi kuondoka, tazama oili kwenye sahani, na tazama pia raba zinazoshikilia injini, maana zikikatika injini nzima huruka.

Na je, giaboksi halifi? Linakufa, tena hufa kweli. Lakini nalo lina lugha yake. Gia zote zikilia, mshuku klachi. Gia moja tu ikilia, tuseme namba mbili, na nyingine zote zikiwa salama, hapo ni ndani ya giaboksi, kwenye pete ya shaba inayozisawazisha gia kabla hazijakutana. Gia ikiruka yenyewe na kurudi katikati ukiwa safarini, hapo pia ni giaboksi au viungo vyake. Na ikiwa gia ni ngumu hata injini ikiwa imezimwa, anza na vitu rahisi: bushi za fimbo ya gia zilizolika, na kiwango cha mafuta ya gia. Nimeona watu wanaobadili oili ya injini kila mwezi, lakini ukiwauliza mara ya mwisho kukagua mafuta ya giaboksi ilikuwa lini, wanakutazama kama umewauliza siku ya kufa kwao.

Nirudi Tongoni. Tulikuwa na ugonjwa tumeujua, lakini dawa hatuna. Kijana mmoja kwa nia njema akaleta chupa ya mafuta ya nazi tumimine kwenye kikopo. Mzee akamzuia. Akaeleza kwamba mpira wa mle ndani umetengenezwa kwa ajili ya mafuta ya breki peke yake; ukitia ya kupikia au ya injini, utavimba na kuharibika, na ubovu wa silinda moja utakuwa ubovu wa silinda mbili. Na nikuongezee, msikilizaji: yako magari ambayo kikopo cha klachi na cha breki ni kimoja. Huko mafuta yakipungua kwa sababu ya klachi, roho yako nayo iko mashakani. Usiondoke kabla hujazijaribu breki.

Baada ya hitima, mzee akanifundisha jinsi ya kurudi mjini bila klachi. Gari liko kwenye gia namba moja, barabara iko wazi, hakuna mtoto wala mbuzi mbele, unawasha kwa stata, na gari linaondoka lenyewe. Ukitaka kupanda gia unaachia mafuta, unaitoa gia katikati, unangoja mlio wa injini ushuke, unaisukuma inayofuata bila kulazimisha. Ikikataa usiipigane. Tulifika Tanga saa mbili usiku, mwendo wa kobe. Nakuonya lakini: hiyo ni njia ya kujiokoa porini. Katikati ya mji, penye watu na magari, njia salama ni kuvutwa.

Wakati tunaagana, mzee alinionyesha kwa mkono upande wa baharini. Huko, mbele ya Mtang'ata kama palivyoitwa zamani, merikebu São Rafael ya Vasco da Gama ilipanda fungu mwezi Aprili 1498, ikanasuka maji yalipojaa. Januari mwaka uliofuata walirudi toka Bara Hindi, mabaharia wengi wakiwa wamekufa kwa maradhi, na waliobaki hawakutosha kuendesha vyombo vitatu. Wakaichoma moto hapo hapo. "Wale walikosa watu," mzee akaniambia. "Wewe watu unao. Usikichome chombo chako kwa kukosa kuuliza."

Jumatatu nilinunua mpira wa silinda ya chini na kopo la mafuta ya breki. Vyote havikufika shilingi elfu sita. Fundi mwingine akaufunga, tukatoa upepo kwenye bomba, mimi nikikanyaga pedali na yeye akifungua na kufunga kinati cha silinda. Kazi ya saa moja. Juma hilo hilo binti yangu aliondoka kwenda shule na sanduku lake. Gari lile niliendelea nalo miaka minane, na giaboksi lake ni lile lile.

Sasa, msikilizaji, unaweza kusema fundi wa kwanza alikuwa mwizi. Nimelifikiria jambo hilo sana, na siamini hivyo. Alisikia gia zikilia, akahukumu gia. Hakupima. Na mimi sikumwuliza amepima vipi. Tena kosa la kwanza lilikuwa langu. Kijana aliyekuwa akiniosha gari aliniambia mwezi mzima kabla kwamba kile kikopo kidogo kimepungua mafuta. Nilimjibu kwamba yeye aoshe tu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wangu ulikuwa karibu ujengwe kwa ada ya mtoto.

Kwa hiyo nina maombi machache. Kwa mwenye gari: fungua boneti mara moja kwa juma, utazame vikopo vyote. Usipumzishe mguu juu ya pedali ya klachi unapokwenda, wala usilishikilie gari mlimani kwa klachi. Hendibreki iliwekwa kwa kazi hiyo. Fundi akikuambia kitu kimekufa, mwulize kwa adabu, "Umejuaje?" Fundi anayejua kazi hatakasirika, atafurahi kukuonyesha. Na spea ikibadilishwa, dai ile ya zamani uione kwa macho yako.

Kwa mafundi wetu wa chini ya miembe, ambao ndio wanaoiendesha nchi hii kwa waya na nyundo: heshima yenu haipo katika kutamka haraka, ipo katika kupima. Joginder Singh wa Kenya, yeye na nduguye Jaswant, walishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1965 kwa Volvo iliyokwisha kutumika mashindanoni, mbele ya magari mapya. Alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa, na chombo chake alikijua kwa kukigusa. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina mafunzo ya ufundi wa magari. Anayeweza kwenda aende, na anayefanya kazi tayari asione haya kurudi darasani.

Mzee wa Tongoni amekwisha kutangulia mbele ya haki. Hakuwa na cheti, alikuwa na subira ya kuzima gari kwanza. Nilipotaka kumlipa siku ile alikataa, akasema nimpelekee salamu binti yangu, asome.

Hadi juma lijalo, ndugu msikilizaji, safari njema na gia laini.